Nyumba Inasomewa: Neno kwa Wababa, Wamama na Vijana wa Ushirika



Mpendwa unayesoma gazeti hili la sikukuu yetu, uwe Uvira au Bujumbura, Kigoma au Nairobi, Nakivale au hapa Kakoba, somo hili ni lako. Wazee wa kamati waliniomba niandike somo nililolifundisha hapa Kakoba, ili na wewe ambaye hukuwepo ulipate. Nimeliandika karibu kama nilivyolisema. Kwa hiyo nikikuuliza swali, ujibu. Kama uko kwenye taksi, jibu moyoni, wasije wakafikiri umepagawa.

Swali letu ni hili: je, inafaa kijana wa kanisa, aliyehangaika na shule mpaka akamaliza, aende chuo kusomea mambo ya nyumbani? Nasema mapishi, lishe, ushonaji, malezi ya watoto, usafi, hesabu za matumizi, na akili ya kununua vitu sokoni. Inafaa, au ni kupoteza muda na pesa?

Swali hili halikutoka hewani. Kuna binti mmoja wa kwaya yetu kule Nakivale, amemaliza kidato cha nne, na pesa ya kuendelea haipo. Akapata nafasi ya kusomea mapishi na utunzaji wa nyumba katika chuo cha ufundi. Alipomweleza baba yake, mzee akakataa. Akasema maneno matatu, nami nayaandika kwa ruhusa yake, maana tumekaa tukaongea na yeye mwenyewe atasoma gazeti hili. La kwanza: "Kupika atafundishwa na mama yake." La pili: "Hayo ni masomo ya walioshindwa." La tatu: "Na hawa wadogo zake wa kiume, nao nitawapeleka wapi? Hayo ni ya wanawake."

Mzee wangu, umesema waziwazi mambo ambayo wababa wengi wanayafikiri na kunyamaza. Nakushukuru. Sasa nisikilize nijibu moja moja.

Neno la kwanza: "Mama yake atamfundisha"

Zamani ilikuwa kweli. Bibi alimfundisha mama, mama akamfundisha binti. Msichana alikaa jikoni, akaona jinsi sombe inavyotwangwa na kupikwa mpaka iive, jinsi samaki anavyokaushwa, jinsi mzazi aliyejifungua anavyotunzwa. Hakuna aliyelipa ada.

Lakini vita vilipita katikati. Baba aliposema lile neno, mama wa binti alikuwa amekaa pale kimya. Baadaye akasema taratibu: "Mimi nilikimbia nikiwa na miaka tisa. Mama yangu sikumwona tena. Nililelewa na majirani njiani. Ninayoyajua niliyaokota." Wapendwa, tulinyamaza wote. Ni wamama wangapi kati yetu wameokota namna hiyo? Mnyororo ulikatika, na mama hawezi kumpa binti kitu ambacho yeye mwenyewe alinyang'anywa.

Tena hata yule aliyefundishwa vizuri, alifundishwa kwa nchi nyingine. Alijua ndakala za Tanganyika, anakutana na mukene wa Uganda. Alijua kuni za msituni, sasa ananunua makala kwa kopo. Alikuwa na shamba la mhogo, sasa ana kiwanja kidogo, au hapa mjini ana chumba kimoja tu na sigiri mlangoni. Elimu ya bibi ilikuwa nzuri kwa nyumba ya bibi. Nyumba hii ya sasa inahitaji nyongeza.

Nakivale ilifunguliwa miaka ya mwisho ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Ni moja ya makazi ya zamani sana ya wakimbizi katika Afrika. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Wapo wenzetu waliozaliwa pale wakazaa pale. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba haya ni maisha ya kupita, ya kuvumilia mpaka ndege ije. Watoto wanakula leo.

Na chakula chenyewe unajua kimefanyaje. Shirika la chakula la dunia, lile tunaloliita PAM na wengine WFP, lilipunguza mgao hapa Uganda mwezi wa Aprili 2020 ukawa asilimia 70, na mwaka 2021 ukashuka tena mpaka 60. Mwaka 2023 wakaanza kugawa familia kwa makundi, hawa wapewe zaidi, hawa kidogo, wengine wasipewe. Nauliza: pesa ya mgao ikipungua nusu, mama anahitaji maarifa zaidi au machache? Ulipokuwa na vingi uliweza kukosea na bado mkala. Ukiwa na vichache, kosa moja sokoni ni siku moja ya njaa.

Neno la pili: "Masomo ya walioshindwa"

Hapa nataka nisimame kidogo.

Kule Marekani kulikuwa na mama mmoja jina lake Ellen Swallow Richards. Alikuwa mkemia. Mwaka 1873 alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza katika chuo kikubwa cha teknolojia cha Massachusetts, kinachoitwa MIT. Huyo hakuwa mtu aliyeshindwa shule! Alipima maji ya kunywa, akapima vyakula vya madukani akaona wafanyabiashara wanavyovichanganya na takataka. Akasema sayansi lazima iingie nyumbani, maana nyumbani ndiko watu wanakufa. Kuanzia 1899 yeye na wenzake walikutana mwaka kwa mwaka, na mwaka 1909 wakawa na chama cha taifa cha masomo haya, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1994 chama hicho kilibadilisha jina, masomo yakaitwa sayansi ya familia na ya mlaji. Mlaji, maana yake wewe unayenunua na kutumia.

Na kwetu yapo. Tanzania wanayaita sayansikimu. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinatoa hata shahada ya masomo ya familia na mlaji. Shahada, mzee wangu! Tena tangu mwaka 1975 Tanzania ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambako mtu mzima wa kijijini anaingia kujifunza ushonaji, upishi, kilimo na ufundi bila kuulizwa alama kubwa za sekondari. Kongo na Burundi wazee wanakumbuka zile nyumba za mafunzo za wamama tangu wakati wa Wabelgiji, na mpaka leo mtaa wowote wa Bukavu au Uvira utapata mahali pa kujifunza kutire.

Sasa niambie ni nini kinafundishwa. Nitakupa mifano mitatu tu.

Mfano wa kwanza ni lishe. Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, miaka ya 1960 walianzisha kituo kinachoitwa Mwanamugimu, maana yake mtoto mwenye afya. Watoto waliletwa wamevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ule ugonjwa ambao watu wa Kivu wanauita bwaki. Madaktari waliona kwamba mtoto akipona kwa dawa na kurudi nyumbani, anarudi hospitali tena. Kwa hiyo wakamweka mama jikoni pale pale, wakamfundisha kupika kitobero: ndizi au viazi, pamoja na maharage au karanga, pamoja na samaki au yai au maziwa, na mboga za majani, vyote laini kwa mtoto. Vyakula ni vile vile vya soko la kawaida. Kilichokosekana ni kuvichanganya.

Na usifikiri ni shida ya wakimbizi peke yao. Utafiti wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 29 wamedumaa. Na Ankole, nchi ya maziwa na matoke, haikukosekana katika shida hiyo. Tumbo linaweza kujaa na mwili ukalia njaa. Mchicha, ule Wakongo tunaouita lengalenga na Waganda dodo, unaota nyuma ya nyumba yako bure. Lakini nani amekwambia uuweke mafuta kidogo ili mwili upokee vitamini yake? Nani amekwambia kwamba chai nzito pamoja na maharage inauzuia mwili kuchukua chuma, hivyo mama mjamzito asubiri kidogo kabla ya kunywa? Haya ni masomo.

Mfano wa pili ni usalama wa chakula. Mwaka 2004 kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Mahindi yalivunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Ile sumu haiishi kwa kuchemsha. Sasa fikiri mama anayeona mahindi yameota ukungu anasema, "Nitasaga tu, moto utaua." Anakosea kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Binti aliyesoma atajua kukausha juani juu ya turubai na siyo juu ya udongo, atajua kuchambua, atajua kutupa. Kutupa nako ni elimu.

Mfano wa tatu ni hesabu. Chukulia mama ananunua mafuta ya kupikia kwenye kifuko kidogo cha shilingi 500, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Ni 1,000 kwa siku, ni 30,000 kwa mwezi. Wamama wanne wakiungana wakanunua dumu moja kwa bei ya jumla wakagawana kwa kipimo, kila mmoja anaweza kubakiza kitu. Kingine ni maharage. Ukiyaloweka usiku kucha, ukamwaga yale maji, yanaiva haraka na makala yanabaki. Tia hesabu ya makala kwa mwaka mzima. Kule Kongo tuna likelemba, Kenya wana chama, Tanzania wana vikoba. Lakini huwezi kupeleka kitu kwenye likelemba kama hujui pesa ya nyumbani inatokea wapi na inapotelea wapi.

Biblia nayo inajua mambo haya. Soma 2 Wafalme 4. Mjane ana deni, mdai anataka kuwachukua wanawe wawili. Elisha anamuuliza kwanza ana nini nyumbani. Mafuta yanaongezeka, haleluya! Halafu baada ya muujiza nabii anampa mpango: auze, alipe deni, na kinachobaki waishi nacho yeye na wanawe. Muujiza ulimalizikia kwenye hesabu. Sisi wapentekoste tunapenda sana ile sehemu ya mafuta kuongezeka. Hii sehemu ya kuuza, kulipa na kubakiza tunaipita mbio. Na Bwana wetu mwenyewe, katika Yohana 6, baada ya watu kushiba aliagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuongeza mikate hakutaka mikate ipotee.

Neno la tatu: "Ni ya wanawake"

Fungua Matendo 18. Paulo anafika Korintho, anakutana na Akwila na mke wake Prisila. Hao walitoka Roma kwa sababu mfalme Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke. Kwa lugha yetu, walikuwa wakimbizi. Je, walingoja mgao? Walikuwa mafundi wa mahema, na Paulo akakaa kwao akafanya kazi nao. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, kazi moja, nyumba moja. Mkono wa Akwila ulishika sindano na hakuna mtu aliyemcheka.

Na Yusufu? Kule Misri, Mwanzo 41, aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe. Yule mwanaume alisimamia ghala la chakula la taifa zima. Leo tungesema alisomea uhifadhi wa chakula na matumizi.

Angalia hata hapa Mbarara. Tangu tarehe 1 Julai 2020 huu mji ni jiji. Pita Kakoba asubuhi: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bishop Stuart wanatafuta chai na chapati, nani anawapikia? Yule anayekunja rolex pembeni ya barabara ni kijana wa kiume. Anayeoka mikate ni kijana wa kiume. Hoteli zikitafuta mpishi zinatafuta mwanaume na mwanamke. Sasa kwa nini kijana wetu wa kiume aone aibu kusomea kitu ambacho wenzake wanakula nacho?

Na hata asipofanya biashara, ataoa. Baba asiyejua mtoto wa miezi sita anahitaji kula nini, atakataa kununua yai akiona ni anasa. Nyumba nyingi hazina njaa ya pesa. Zina baba na mama ambao hawajawahi kukaa meza moja na kalamu. Wababa wa ushirika, mimi ni baba mwenzenu. Nasema kwa heshima: kushika pesa yote mfukoni halafu kumlaumu mama kwamba mboga haina ladha, huo siyo uongozi wa nyumba.

Sasa, usiende chuo kwa macho yaliyofumbwa

Hapa nazungumza na wewe kijana, na wewe mzazi utakayelipa. Akili ya mlaji inaanza siku ya kununua masomo yenyewe. Wapo watu waliopaka rangi chumba, wakaandika jina zuri mlangoni, wakachukua ada, na mwisho wa mwaka mwanafunzi hana cheti wala hajui kukata suruali. Kabla hujatoa shilingi, uliza maswali matano.

Kwanza, chuo kimesajiliwa? Waambie wakuonyeshe karatasi, usiridhike na maneno. Pili, mtihani wa mwisho unasimamiwa na nani? Kwa miaka mingi hapa Uganda idara iliyojulikana kama DIT ilipima mafundi kwa kazi ya mikono, na ilikuwa na kipimo hata kwa mtu asiyekaa darasani miaka mingi lakini kazi anaijua. Mambo ya ofisi hizi hubadilika, kwa hiyo uliza cheti chako kitatiwa muhuri na nani mwaka huu. Tatu, vifaa viko vingapi? Cherehani mbili kwa wanafunzi 30 ni foleni, siyo masomo. Nne, ada inajumlisha nini? Kitambaa, unga, sare, mtihani: andikeni vyote. Tano, waliomaliza mwaka jana wako wapi? Tafuta wawili uongee nao bila mwalimu kuwepo.

Ndani ya Nakivale kuna mafunzo ya ufundi, na hapa Mbarara kuna vyuo vya namna nyingi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kwa hiyo ukiwa na ujuzi, mlango upo. Mimi mwenyewe nina cheti cha chuo cha Biblia, sina digrii, na cheti hicho kimenivusha mipaka mingi. Usidharau cheti kidogo chenye kazi ndani yake.

Na kama hutaweza kabisa kwenda chuo, usikae bure. Mama anayejua kushona awafundishe watatu. Dada muuguzi aje siku ya wamama aseme habari za lishe. Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9, alipokufa wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Huo ndio ulikuwa ushuhuda wake, ulishikika mkononi.

Neno langu kwa matawi

Mwaka huu wa sikukuu kila tawi limechangia. Najua kuna mazungumzo ya kununua vyombo vipya vya muziki. Mimi napenda vyombo, mnanijua nikiimba! Lakini naomba wazee mlete jambo hili mezani kabla pesa haijagawanywa: kila tawi lichague kijana mmoja, wa kiume au wa kike, alipiwe masomo ya nyumbani, na akimaliza awafundishe wengine watano wa tawi lake bila malipo. Asisaidiwe kwa sababu ni ndugu wa mchungaji. Aangaliwe uhitaji wake na bidii yake.

Yule binti wa Nakivale, nafasi yake haitamngoja milele. Baba yake amesikia majibu yangu, na uamuzi ni wake kama baba, simlazimishi, namwombea. Lakini kuna wengine ambao baba zao wamekubali tayari, na kilichobaki ni ada tu. Hao ni juu yetu.

Mzee wa tawi, ukimaliza kusoma ukurasa huu, andika jina moja. Mama wa tawi, kama hakuandika, mkumbushe. Likiwa limeandikwa, mlilete kwa katibu kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi. Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Amina.